Woga wa Kusema Kiingereza Katika Shule za Afrika ya Mashariki

Mwalimu wa Kiingereza auliza swali, na darasa lote lanyamaza. Wanafunzi arobaini au zaidi huinamisha vichwa, kila mmoja akilitazama daftari lake kana kwamba jibu limeandikwa humo. Aitwapo mmoja kwa jina, husimama polepole, hushika ukingo wa deski, huanza neno la kwanza, hulirudia, kisha huketi bila ya kulimaliza, na kicheko husikika nyuma ya darasa. Baada ya nusu saa kengele ya mapumziko hulia, na mwanafunzi yule yule huonekana uwanjani akisimulia habari za mpira kwa Kiswahili chepesi, akimtania mwenzake kwa Kihaya au Kichaga au Kidigo, na kubishana na muuza mihogo juu ya bei mpaka muuzaji mwenyewe akacheka. Ulimi wake hauna kilema. Hufungwa katika lugha moja tu, na mahali pamoja tu.

Jambo hili limeelezwa kwa njia nyingi. Wako waliosema kwamba ni haya ya maumbile. Wako waliosema kwamba ni adabu ya Kiafrika, ya kuwa mtoto hafundishwi kutoa sauti mbele ya wakubwa wake. Maelezo haya ya pili yamependwa na wageni, na baadhi ya wenyeji pia, kwa sababu yanasikika kama sifa, lakini hayasimami. Jioni, mtoto huyo huyo hutegewa vitendawili na bibi yake. Akikosa hudaiwa mji, naye huutoa mji wa Mombasa au wa Unguja bila ya kujuta, hucheka, kisha hutegewa kingine. Kosa lina malipo yake, na malipo yenyewe ni mchezo. Adabu haikumzuia kusema mbele ya mkubwa, wala kukosea mbele yake.

Wataalamu wa saikolojia nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1986 Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, walichapisha makala iliyotajwa sana tangu siku hizo, wakidai kuwa woga wa darasa la lugha ngeni ni woga wa namna yake, usiokuwa sawa na woga mwingine wa masomo. Waliugawa katika mambo matatu: hofu ya kuzungumza na watu, hofu ya kupimwa vibaya na wenzio, na hofu ya mtihani. Wakatunga kipimo chenye maelezo 33, ambayo mwanafunzi huyakubali au kuyakataa, na kipimo hicho kimetumiwa katika nchi nyingi. Ni kazi nzuri na yenye huruma, maana ilikiri ya kuwa mwanafunzi anayenyamaza yamkini si mvivu wala si mjinga. Walakini wanafunzi waliochunguzwa kwanza walikuwa Wamarekani waliokuwa wakianza kusoma Kihispania. Kijana wa Texas aliyeshindwa kusema Kihispania alipata aibu ya siku moja na alama mbaya katika somo moja. Hakuchapwa, hakuvishwa kitu shingoni, na mlango wa maisha yake haukufungwa. Kipimo chaonyesha kuwa woga upo katika moyo wa mwanafunzi. Nani aliyeutia humo, na kwa chombo gani, ni swali la historia, na katika Afrika ya Mashariki historia hiyo yaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Yafaa kuanza na lugha iliyojifunzwa bila ya woga. Katika karne ya 19 Kiswahili kilitoka pwani kikaenda bara kwa miguu ya wapagazi. Wanyamwezi waliochukua pembe na nguo kati ya Tabora na Bagamoyo walikijua kwa kukisema, na walikisema kabla ya kukijua. Kilivuka Ziwa Tanganyika, kikaingia Manyema, na huko Kongo kikapata sura mpya iliyoitwa Kingwana. Mtu wa Lamu au Mvita angeweza kucheka aliposikia ngeli zikivurugwa, na bila shaka alicheka. Lakini mpagazi hakuwa na haja ya cheti cha mtu wa Lamu ili apate ujira wake. Alihitaji kueleweka penye maji, penye chakula na penye hatari. Lugha iliyokosewa na maelfu ya watu kwa muda wa miaka mingi ndiyo iliyokuja kuwa lugha ya nchi.

Mfano wa pili unafundisha zaidi, nao ni wa Waingereza wenyewe. Walowezi wa Kenya walikuwa na Kiswahili chao, kilichopewa jina la Kisetla. Kilikuwa Kiswahili kisichojali ngeli, chenye amri nyingi na salamu chache: watu mingi, kitu mzuri, lete hii, ondoa ile. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kufundisha Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, mlowezi, mchimba madini, mfanya biashara na wake zao, nacho kilisahilisha sarufi kwa makusudi. Watu hao walikikosea Kiswahili kila siku kwa muda wa nusu karne, mbele ya wapishi na wachungaji waliokijua kuliko wao, wala haikusikika kwamba mlowezi alinyamaza mezani kwa kuogopa kukosea ngeli ya chai. Ujasiri huo haukutokana na ulimi wao. Mpishi hakuwa na ruhusa ya kucheka. Ilikuwa vingine kidogo kwa maofisa wa serikali, waliolazimika kushinda mtihani wa Kiswahili ili waendelee katika kazi zao; hao, yamkini, walionja kidogo woga unaoelezwa hapa, kwa kuwa kwao kosa lilikuwa na bei.

Bei ndiyo iliyofanya Kiingereza kuwa lugha ya kuogopwa. Wadachi walipotawala Tanganyika walikitumia Kiswahili katika shule zao na katika barua za maakida na makarani, na Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuivunja desturi hiyo yote. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924, ilishauri lugha za wenyeji zitumike katika miaka ya mwanzo ya shule, na Kiingereza kije baadaye. Kikaja baadaye, na kikawajia wachache. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa machifu, iliendeshwa kwa mfano wa shule za mabwana wa Uingereza. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, ikawa juu ya zote. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza kijijini aliuona mlango huo kwa mbali sana. Kila darasa alilopanda, wenzake walipungua na Kiingereza kiliongezeka. Alipofika mbele ya mwalimu Mwingereza hakuwa anajifunza lugha tu. Alikuwa akishindana na wote walioachwa nyuma, na kila neno alilotamka lilikuwa ushahidi wa kuwa astahili au hastahili kuwapo pale.

Haki yataka isemwe kwamba Waafrika hawakulazimishwa Kiingereza siku zote. Mara nyingi walikidai. Shule za kujitegemea za Wakikuyu, zilizoenea katika miaka ya 1930, zilitaka watoto wafundishwe Kiingereza mapema kuliko zilivyotaka misheni na serikali. Wazazi walikuwa wameona kwamba barua za ardhi, hukumu za mahakama na sheria za nchi ziliandikwa kwa lugha hiyo, na mtu asiyeijua alikuwa mikononi mwa mkalimani. Hivyo woga huu haukuzaliwa na chuki ya lugha. Ulizaliwa na hamu. Mtu hatetemeki mbele ya kitu asichokitaka.

Hamu peke yake, lakini, haifungi ulimi. Kilichoufunga ni utaratibu wa shule, na katika utaratibu huo kulikuwa na chombo kimoja kinachostahili kutazamwa kwa makini. Kilikuwa kisahani cha mbao au cha bati, pengine kifungo cha nguo, pengine mfupa uliotundikwa kwenye uzi. Asubuhi kilipewa mtoto wa kwanza aliyesikiwa akisema lugha ya kwao. Yeye alitembea nacho mpaka amsikie mwingine akifanya kosa hilo hilo, akamkabidhi. Jioni aliyekutwa nacho aliitwa, akamtaja aliyempa, na huyo akamtaja aliyempa yeye, hata mnyororo wote ukajulikana, na wote wakaadhibiwa.

Chombo hiki kilijulikana Wales kabla ya kujulikana Kenya. Huko, katika karne ya 19, watoto waliosema Kiwelisi shuleni walivishwa kipande cha mbao kilichochongwa herufi W na N, kikahamishwa kutoka shingo hata shingo, na wakaguzi wa serikali walikiandika katika taarifa yao ya mwaka 1847. Bretagne, nchini Ufaransa, watoto wa Kibretoni walipata alama ya namna hiyo hiyo. Ubaya wake hauko katika mapigo tu, maana mapigo yalikuwako kwa makosa mengine pia. Ubaya ni kwamba kilimfanya kila mtoto kuwa mpelelezi wa mwenzake. Mchezo, ambao ndio mahali pa kwanza pa kujifunzia lugha, uligeuka kuwa mahali pa hatari. Mtoto mwenye kisahani aliwafuata wenziwe akiomba wateleze, na wenziwe waliomwona akija walifanya jambo la busara kuliko yote, nalo ni kufunga vinywa. Sheria iliyowekwa ili wasikike wakisema Kiingereza iliwafundisha kunyamaza katika lugha zote mbili.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938 na kufariki mwaka 2025, alieleza habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuzikomboa fikira za Mwafrika. Kwa maelezo yake mambo yalibadilika baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwaka 1952, shule za kujitegemea zilipotwaliwa na kuwekwa chini ya bodi za serikali. Aliyesikiwa akisema Kikuyu karibu na shule alichapwa viboko, au alivishwa bati lenye maneno ya kumtukana akili yake, au alitozwa faini ambayo wazazi hawakuwa nayo. Lakini habari iliyo nzito zaidi katika kumbukumbu zake ni fupi sana, na wasomaji wengi huipita haraka. Mwaka 1954 mwanafunzi mmoja wa darasa lake alipata alama za juu kabisa katika masomo yote, akaanguka Kiingereza. Kwa sababu hiyo alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani wote, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ, ambaye alama zake zilikuwa za kawaida tu ila katika Kiingereza, alipata nafasi katika Alliance High School. Utingo huyo hakutajwa jina. Hesabu aliyoijua, jiografia aliyoijua, vyote vilikaa pembeni mwake mlangoni mwa basi, huku akiita abiria kwa lugha ambayo hakuogopa kuisema.

Wakati huo huo elimu ya kufundisha lugha ilikuwa na fundisho lake juu ya kosa. Mwaka 1960 Nelson Brooks, mwalimu mashuhuri wa lugha wa Marekani, alilinganisha kosa na dhambi: kitu cha kuepukwa kwanza, na kushindwa kikiisha kuingia. Mwaka uliofuata, Januari 1961, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere kuzungumza juu ya kufundisha Kiingereza. Robert Phillipson, aliyeichambua mikutano kama hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1992, alionyesha kwamba mawazo yaliyotawala hapo yalikuwa kama kanuni za dini: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu; mwalimu bora ni mzaliwa wa lugha hiyo; mtoto aanze mapema iwezekanavyo; afundishwe kwa wingi iwezekanavyo; na lugha nyingine zikitumiwa, Kiingereza kitashuka. Kwa kanuni hizo lugha ya mama ilikuwa uchafu wa kuondolewa darasani. Kisahani kikapata hoja ya kitaalamu ya kukitetea.

Baadaye wataalamu waligeuka. Mwaka 1967 Pit Corder wa Edinburgh aliandika kwamba makosa ya mwanafunzi ni dalili za kazi anayoifanya akilini, na kwamba mwalimu mwenye hekima huyasoma kama mganga asomavyo homa. Fikira hiyo ilienea vyuoni, ikaingia katika vitabu vya ualimu. Kutoka vyuoni hata madarasa ya Rombo na Kakamega ilikuwa safari nyingine. Katika shule nyingi za Kenya kisahani kilibaki muda mrefu baada ya uhuru, mikononi mwa walimu ambao wao wenyewe walikuwa wamekivaa utotoni. Serikali ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, lakini kicheko hakiwezi kupigwa marufuku kwa tangazo la serikali.

Tanganyika ilishika njia nyingine, na kwa hiyo yafaa kulinganishwa. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na watoto walisoma miaka saba kwa lugha ambayo wengi wao waliijua vema. Ingedhaniwa kwamba woga ungekoma. Haukukoma, ulisogezwa mbele, ukawa unangojea mlangoni mwa kidato cha kwanza. Kijana aliyekuwa akiuliza na kubisha hadi darasa la saba aliingia sekondari mwezi wa Januari, na siku ile ile historia, bayolojia na hesabu zikasemwa kwa Kiingereza. Hakupewa daraja ya kuvukia. Alichokuwa nacho, kwa maneno ya mitaani, ni Kiingereza cha kuombea maji.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta iliiona shida hii. Mwaka 1982 ilipendekeza kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985, na chuo kikuu mwaka 1992. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wachunguzi wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi wa nchi nzima, wakaona kwamba hata katika kidato cha nne ni kama mmoja tu katika kumi aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha kuanza kusomeshwa kwa lugha hiyo. Mtu aliyesoma hesabu hiyo angetazamia shauri la kuacha. Wachunguzi walishauri Kiingereza kibaki, na msaada wa Uingereza ukaja pamoja na vitabu vyepesi vya kusomwa. Vitabu hivyo viliwafaa wengi, wala si haki kuvibeza; ila kusoma ni kazi ya macho, na tatizo lilikuwa la kinywa.

Tangu mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Oslo na Western Cape walifanya utafiti wa pamoja juu ya lugha ya kufundishia katika Tanzania na Afrika ya Kusini. Katika baadhi ya kazi zao wanafunzi wa sekondari walifundishwa mada moja kwa lugha mbili, wengine kwa Kiingereza na wengine kwa Kiswahili. Katika vyumba vya Kiswahili wanafunzi waliuliza, walipinga, walitoa mifano ya nyumbani. Katika vyumba vya Kiingereza waliitikia kwa pamoja. Kuitikia huko kwajulikana na kila aliyepita sekondari ya Tanzania: mwalimu husema sentensi, huiacha kabla ya neno la mwisho, na darasa zima hulimalizia kwa sauti moja. Mgeni akisimama dirishani hudhani kuna uhai mkubwa humo. Kumbe ni njia ya salama, waliyopatana mwalimu na wanafunzi bila ya kuambiana, ya kupitisha dakika arobaini pasipo mtu hata mmoja kuaibika.

Waliopatana ni pande mbili, na upande wa mwalimu husahauliwa. Naye alikaa darasa kama hilo, akaitikia kama hivyo, akatoka na cheti, akapewa chaki. Ajua kwamba wako wanafunzi waliotoka shule za kulipia ambao watalisikia kosa lake. Hivyo husoma maandishi aliyoyaandika usiku, hayaachi hata kwa neno moja, na mwanafunzi akiuliza jambo lisilokuwa katika maandishi huambiwa akae chini. Rwanda ilionyesha jambo hili waziwazi: mwaka 2008 serikali ilipoamua kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza, maelfu ya walimu waliosomea kwa Kifaransa waliamka wakiwa wanafunzi wa lugha waliyotakiwa kuifundishia. Woga wa mwalimu si sawa na wa mtoto. Mwalimu ana uwezo wa kuugeuza kuwa ukali.

Sera ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 2014 iliahidi tena Kiswahili katika ngazi zote, lakini sekondari ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza, na kwenye milango na miti ya shule nyingi vibao viliendelea kuamuru kwamba Kiingereza tu ndicho kisemwe hapo. Na lugha hiyo inayoamriwa isemwe haisikiwi inapopimwa. Mtihani wa taifa wa Kiingereza wa kidato cha nne Tanzania hufanywa kwa kalamu. Kenya waliona upungufu huo, wakaongeza sehemu ya stadi za kuzungumza katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya mtihani wa KCSE. Mtahiniwa huulizwa neno gani latamkwa sawa na jingine, sauti ipande wapi katika ubeti, na mtu ajibu nini apigiwapo simu. Majibu yote huyaandika. Husemezana na mtu wa simu kwenye karatasi, mstari kwa mstari, huku msimamizi akipita katikati ya madeski kuhakikisha kwamba hapana anayetoa sauti.